Kozi ya udereva wa kujihami: Uliza haya kabla ya kumlipia kijana wako

Desemba ikikaribia, nyumba nyingi za Dar es Salaam huanza hesabu za safari ya Moshi. Nani anakwenda, gari litabeba wangapi, zawadi za bibi zitanunuliwa wapi, na nani atashika usukani. Hilo la mwisho zamani halikuwa na mjadala: baba au mjomba ndiye aliyeendesha. Siku hizi mjadala upo, kwa sababu nyumbani kuna kijana wa miaka 19 mwenye leseni mfukoni.

Chukua mfano wa mama wa Tabata ambaye mume wake anafanya kazi mkoani. Mtoto wake wa kwanza ana leseni ya miezi minane. Anaendesha gari la nyumbani kwenda Kariakoo na kurudi bila mkwaruzo, na kwenye foleni ya Buguruni ana subira kuliko baba yake.

“Mama, sasa tumlipe dereva wa nini wakati mimi nipo?” anauliza.

“Baba, kwenda Kariakoo na kwenda Moshi ni vitu viwili,” mama anajibu.

“Lakini trafiki si alinipima, nikafaulu?”

Hapo mama anakosa la kusema. Ni kweli alipimwa, na alifaulu. Lakini kipimo hicho hakikumfikisha Segera jioni, lori moja mbele yake, jingine likija, na basi nyuma likimmulikia taa apishe. Jirani anampa mama ushauri: “Mpeleke kozi ya udereva wa kujihami. Akitoka huko ni fundi.”

Mama anaanza kutafuta. Anakuta kozi ya siku moja, ya siku tano na ya wiki mbili. Moja inaahidi cheti siku hiyohiyo. Nyingine ina video ya gari likizunguka uwanjani na kutimua vumbi, mwanafunzi akishangilia. Bei zinapishana sana, na kila moja inajiita bora. Mama wa namna hii hana shida ya kuamua kama mtoto afundishwe. Shida yake ni kujua ni kozi ipi itakayomrudisha mtoto nyumbani salama.

Hofu ya mama ina msingi

Wazazi huogopa malaria, homa na magonjwa ya kuambukiza, na wana haki. Lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kinachoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani ni ajali za barabarani. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaume hufa karibu mara tatu ya wanawake.

Kwa dereva kijana kuna mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni ugeni. Miezi ya mwanzo ya kuendesha bila mtu wa kumwelekeza ndiyo yenye ajali nyingi zaidi, kwa sababu jicho lake bado halijajua litazame wapi. Dereva mzoefu akiona mpira ukidundia barabarani, mguu wake unaondoka kwenye mafuta kabla hajafikiri, maana anajua nyuma ya mpira kuna mtoto. Mgeni anauona mpira tu.

La pili ni umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia mtu kupima hatari na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kijana wa miaka 19 anaweza kuwa na macho makali na mikono myepesi kuliko mama yake, lakini rafiki akimwambia “kanyaga kaka, lile Noah lisituache”, breki ya ndani ya kichwa chake huchelewa. Wala si utovu wa adabu. Ni umri wake, na kozi nzuri inatakiwa kulijua hilo.

Kozi inaweza kumharibu

Hapa ndipo wazazi wengi hushangaa. Mtu angetegemea kwamba dereva akiongezewa ujuzi wa kulimudu gari, ajali zitapungua. Haikuwa hivyo kila mahali.

Norway, mwishoni mwa miaka ya 1970, iliweka mafunzo ya lazima ya kuendesha kwenye barabara zenye utelezi kwa madereva wapya. Tathmini iliyofuata ilionyesha kuwa vijana wa kiume waliopita kwenye mafunzo hayo walipata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi. Walikuwa wamejifunza mbinu, wakaona utelezi si kitu, wakaongeza mwendo.

Mwaka 1996 mtafiti wa Sweden, Nils Petter Gregersen, alichapisha jaribio lililoeleza sababu. Wanafunzi wa udereva waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilifundishwa mbinu za kufunga breki na kukwepa kizuizi hadi liziweze. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya aina hiyohiyo, lakini lengo lilikuwa waone jinsi mbinu hizo zinavyoweza kumwangusha mtu. Walipopimwa baadaye, uwezo wao haukutofautiana. Kilichotofautiana ni walivyojiona: kundi la kwanza lilijiona hodari zaidi.

Aidha, wataalamu walipokusanya zaidi ya tafiti 20 za mafunzo wanayopewa watu ambao tayari wana leseni, karibu zote kutoka Marekani, hawakupata ushahidi kwamba mafunzo hayo peke yake huzuia ajali na majeraha.

Mzazi asisome hayo akafunga mkoba wake na kusema kozi hazina maana. Funzo ni kwamba kozi inayompa kijana majivuno ni hatari kuliko kutompeleka kabisa, na kwamba kozi nzuri bila uangalizi wa nyumbani haitoshi. Mzazi akilishika hilo, kuchagua kunakuwa rahisi.

Kujihami ni nini hasa

Neno kujihami huwachanganya watu. Wengine hudhani ni kujifunza kukwepa majambazi au kugeuza gari kwa kasi kama kwenye filamu. Mafunzo ya namna hiyo yapo, na yana watu wake, kama madereva wa viongozi. Si ya kijana anayepeleka wadogo zake Moshi.

Udereva wa kujihami ni kuendesha ukiamini kwamba wengine watakosea, na kujiwekea nafasi ya kuishi watakapokosea. Bodaboda atachomoza upande wa kushoto. Daladala litasimama ghafla mbele ya abiria. Mwenye lori hatakuona. Mfundishaji mmoja wa Marekani, Harold Smith, aliyeanzisha mafunzo yake mwaka 1952, aliyaweka mawazo haya katika kanuni tano ambazo bado zinafundishwa. Kwa maneno mepesi: tazama mbali, ona picha nzima ya barabara, usikazie macho mahali pamoja, jiachie pa kutokea, na hakikisha wengine wanakuona.

Katika zote tano hakuna hata moja inayohusu mbwembwe. Zote ni za macho, nafasi na subira. Kozi ambayo sehemu kubwa ya muda wake inakwenda kwenye mambo hayo iko kwenye njia sahihi.

Maswali saba ya kuuliza shuleni

Mzazi asilipie kwa simu. Aende shuleni, aombe kuona kibali cha kufundisha, aangalie magari, aongee na mkufunzi mwenyewe atakayekaa na mtoto. Kisha aulize haya.

1. Saa ngapi ni za darasani na ngapi ni za barabarani? Slaidi peke yake hazimfundishi mtu kupishana na lori. Na kama ni barabarani, wanafunzi wangapi wanakaa kwenye gari moja? Saa nne zikigawanywa kwa wanafunzi wanne, mtoto amepata saa moja.

2. Mnafundishia wapi? Kuzunguka kiwanja ni mwanzo tu. Uliza kama atapelekwa barabara kuu, kama ataendesha giza likiingia, na kama mvua ikinyesha somo linaahirishwa au ndipo linapoanza. Kwa familia ya Dar, safari ya kwenda Chalinze na kurudi, mkufunzi akiwa pembeni, inaweza kufundisha kuliko siku tatu za uwanjani.

3. Mtamfanya aseme anachokiona? Hili ni zoezi la zamani, na halina gharama. Mwanafunzi anaendesha huku akitaja kwa sauti: “Kuna kivuko mbele, kuna wanafunzi kushoto, bajaji inataka kukata, napunguza.” Akinyamaza, mkufunzi anajua jicho lake limelala. Shule inayotumia zoezi hili inafundisha macho, na ajali nyingi huanzia machoni.

4. Mnafundisha nini kuhusu breki? Jibu zuri huanza na mwendo na nafasi, kabla ya mguu. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu, huhitaji takriban mita 35 kusimama, ukihesabu na sekunde moja na nusu ya dereva kushtuka. Kwa kilomita 100 huhitaji karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa breki zenyewe umeongezeka mara nne. Kijana aliyeelewa hesabu hii hamfuati mtu kwa karibu. Anahesabu “mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu” kati yake na gari la mbele, na mvua ikinyesha anaongeza mara mbili.

Hapohapo uliza kama atafanya zoezi la breki za ghafla kwenye gari lenye mfumo wa ABS. Wengi hushtuka kanyagio linapotetemeka wakaachia mguu, wakati wanachotakiwa ni kukandamiza bila kuachia na kuendelea kuelekeza usukani. Zoezi hili lina faida, mradi mkufunzi alimalize kwa kumwonyesha alisimama mbali kiasi gani kuliko alivyodhani.

5. Mnazungumzia usingizi, simu na marafiki? Kama jibu ni “hayo anayajua”, ondoka. WHO inasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne kuliko asiyetumia. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Kusoma ujumbe kwa sekunde mbili ni kuendesha mita 44 ukiwa umefumba macho.

6. Gari la kufundishia linafanana na atakaloendesha? Aliyefundishwa kwenye gari dogo la gia za mkono, kisha nyumbani anapewa gari kubwa la automatiki lenye abiria saba, bado ni mgeni. Gari lililojaa watu na mizigo huchelewa kusimama na huyumba zaidi kwenye kona. Baadhi ya shule hukubali kufundishia gari la mzazi. Ni jambo jema, ila kwanza uliza kuhusu bima, na kama mkufunzi ataweza kulizuia gari lisilo na breki upande wake.

7. Mwisho wa kozi mtanipa nini? Cheti ni karatasi. Omba mkufunzi akae na mzazi na kijana kwa dakika 20, aseme wazi kijana ana udhaifu gani: anakimbilia kupita gari la mbele, hatazami kioo cha pembeni, anakasirika akipigiwa honi. Shule isiyo na la kusema zaidi ya “yuko vizuri sana, mama” haikumtazama.

Dalili za kukimbia

Shule inayoahidi kwamba mwanafunzi wake hatapata ajali inadanganya. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Inayouza cheti bila saa za barabarani inauza hatari. Inayojitangaza kwa video za magari yanayoserereka inamvuta kijana, na haimsaidii mzazi. Vilevile mkufunzi anayeendesha bila mkanda au anayepokea simu kwenye usukani ameshatoa somo lake la kwanza. Mkanda, kwa takwimu za WHO, unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa walio viti vya mbele hadi nusu. Mtu asiyeufunga hana la kumfundisha mtoto kuhusu kujihami.

Bei nayo isimdanganye mzazi. Ghali si lazima iwe bora, na rahisi si lazima iwe mbovu. Njia nzuri ya kulinganisha ni kugawanya ada kwa saa ambazo mtoto mwenyewe atashika usukani barabarani. Mara nyingi kozi iliyoonekana rahisi hugeuka ghali.

Kazi inayobaki nyumbani

Nchi kadhaa ziligundua kuwa kumfundisha kijana hakutoshi, zikaamua kumpa barabara kidogokidogo. New Zealand ilianza mwaka 1987: dereva mpya haruhusiwi mara moja kuendesha usiku wa manane wala kubeba rafiki zake bila mtu mzima mzoefu ndani ya gari. Akikaa salama kwa muda, anafunguliwa hatua nyingine. Nchi nyingine zilifuata, na utaratibu huu umepunguza ajali za vijana waziwazi kuliko kozi nyingi.

Mzazi hahitaji kusubiri sheria ya nchi ili kuwa na sheria ya nyumba. Anaweza kukaa na kijana mezani wakaandika mambo machache, kwa mwaka wa kwanza: hakuna kuendesha baada ya saa tatu usiku bila mtu mzima, hakuna kubeba marafiki zaidi ya mmoja, simu inakaa kwenye begi, kiti cha nyuma, kila mtu anafunga mkanda, hata bibi. Na moja la mzazi: kijana akipiga simu saa saba usiku akisema amechoka au amekunywa, atafuatwa bila kufokewa usiku huo. Maneno yatasubiri asubuhi. Kijana anayeogopa kufokewa atawasha gari.

Usingizi unahitaji kifungu chake. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mtu mwenye pombe ya kiwango cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni kosa kuendesha nacho. Sasa hesabu: kijana aliyeamka saa 12 asubuhi, akashinda akifunga mizigo na kupeleka gari gereji, kisha familia ikaondoka saa tano usiku “kukwepa foleni”, ameshakaa macho saa 17 kabla hajafika Kibaha. Hakuna kozi inayotibu usingizi. Dawa yake ni kulala.

Mwisho, kuna shule ambayo kijana aliingia kabla hajajua kusoma: kiti cha nyuma cha gari la wazazi wake. Miaka yote hiyo aliona baba akimtukana mwenye bodaboda, akaona mama akijibu ujumbe kwenye foleni. Mkufunzi ana siku tano za kuyaondoa hayo. Mzazi anayetaka ada yake isipotee aanze na yeye mwenyewe wiki hii.

Rudi kwa mama wa Tabata. Baada ya kuzunguka shule tatu, anachagua ya wiki moja ambayo mkufunzi wake hakumwahidi kitu, ila alimuuliza: “Mtoto wako akipigiwa honi na basi nyuma, anafanyaje?” Mama hakujua. “Basi tutaanzia hapo,” mkufunzi akamwambia.

Siku ya mwisho mkufunzi anawaeleza wote wawili kuwa kijana ana mkono mzuri, lakini ana haraka ya kupita gari la mbele, na usiku bado. Kijana ananuna kidogo. Njiani kurudi nyumbani anafuata lori kutoka Ubungo bila kulipita, akihesabu midomo ikicheza.

Safari ya Moshi inapangwa upya. Wataondoka saa 12 asubuhi, wote wakiwa wamelala. Mjomba ataendesha hadi Chalinze, kijana atashika kuanzia Chalinze hadi Segera, mama akiwa pembeni na simu yake imezimwa, kisha mjomba atapokea. Wakichelewa, watalala Same.

“Mama, kilomita zenyewe ndiyo hizo tu?” kijana analalamika.

“Za mwaka huu, baba. Mwakani tutaongeza.”